Fundi Asiyeweka Nywila

Ukibisha mlango usiku pale Ukunda, ukaulizwa "Nani?", ukajibu "Mimi", umesema kweli na hujasema kitu. Aliye ndani hashughuliki na neno, anasikiliza sauti. Akiijua, komeo linaondoka. Asipoijua atauliza tena, na ukishikilia "mimi" yako utalala nje. Kompyuta haina sikio la namna hiyo. Kwake kila mtu ni "mimi" tu, na wapo watu ambao kazi yao ni kuifundisha kumtofautisha mimi huyu na mimi yule. Mmoja wao nimekuwa nikimtazama kwa miezi kadhaa, nyuma ya hoteli moja ya Diani, katika chumba kidogo chenye feni na harufu ya mashuka yanayopigwa pasi chumba cha pili.

Kazi yenyewe ukiisikia haina mvuto. Hoteli ina programu ya kumbukumbu za stoo, vyumba na zamu. Mapokezi wanatumia Windows, stoo wana mashine ya Linux, na mhasibu ana Mac yake aliyokuja nayo na hataki kuachana nayo. Wakubwa walitaka kila mfanyakazi aingie katika programu kwa jina na nywila ileile anayofungulia mashine asubuhi, asiongezewe nyingine ya kuandika kwenye kikaratasi na kukibandika chini ya kibodi. Tena walitaka mambo yaende hata intaneti ikikatika. Huku pwani ya kusini inakatika, na mgeni aliyevuka Likoni na mabegi yake juani hana habari na nyaya.

Mwenye haraka angetunga daftari lake la majina na nywila, akamaliza siku hiyohiyo na kudai malipo. Fundi huyu alikataa katakata. "Siri ya mtu ukiishika, umekuwa mlinzi wake," aliniambia. "Mimi sikuajiriwa ulinzi." Akachagua njia ndefu: programu isimjue mtu yeyote, bali imuulize mwenye nyumba, yaani mfumo wa mashine yenyewe, "Huyu ni wako?" Kisha ipokee ndiyo au la.

Ana sababu ya kuogopa daftari. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT kule Marekani, mtafiti Allan Scherr alitaka muda zaidi wa kutumia kompyuta ya pamoja kuliko aliopangiwa. Akaomba faili la nywila lichapishwe, likachapishwa, na nywila za wenzake zote zilikuwa humo kama zilivyo. Ilichukua miaka mingi watu kutengeneza njia bora na kuieleza vizuri. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson, watu wa Unix, walieleza jinsi ya kutunza nywila bila kuitunza: inapikwa pamoja na tarakimu za kubahatisha, kinachohifadhiwa ni kile kilichopikwa, na ukija kesho neno lako linapikwa upya na matokeo mawili yanalinganishwa. Hizo tarakimu za kubahatisha waliziita chumvi. Zao ziliweza kuchanganywa kwa namna 4,096, ili watu wawili wenye nywila moja wasifanane ndani ya faili. Mpwani hapati tabu kuelewa hapa. Tui likishakamuliwa halirudi kuwa nazi.

Basi nikamwona anavyouliza nyumba tatu zenye desturi tatu.

Kwenye Linux majina yamo katika faili ambalo kila mtu anaweza kulisoma, ila zile nywila zilizopikwa zimo katika faili jingine, ambalo programu ya kawaida hairuhusiwi kuligusa. Wengi wakifika hapo huipa programu yao mamlaka yote ya mashine ili isome inachotaka. Ni sawa na kumpa mpishi funguo za sefu kwa sababu anahitaji chumvi. Fundi wetu alipitia PAM, mpango uliobuniwa na Vipin Samar na Charlie Lai wa kampuni ya Sun katikati ya miaka ya 1990. Ndani yake kuna kijiprogramu kidogo chenye ruhusa ya kufungua faili lile la siri. Kinapewa neno, kinarudisha jibu, basi. Na mtumiaji wa kawaida hukitumia kwa nywila yake mwenyewe tu, hawezi kuulizia ya jirani.

PAM ndiyo iliyonifanya nianze kuketi na daftari. Inatenganisha maswali ambayo sisi tunayachanganya. Kwanza: wewe ndiye? Pili: hata kama ndiye, unaruhusiwa leo, saa hizi? Tatu: ukiingia uandaliwe nini, na ukitoka kiondolewe nini? Aliyewahi kuingia Kaya Kinondo, hapo hapo Diani, ataelewa mara moja: hata ukikubaliwa unafungwa kaniki kiunoni ndipo uingie msituni, na ukitoka unaiacha. Kisha kuna ustadi mmoja ambao niliurudia mara tatu nikiusoma. Sharti moja likishindikana, unaweza kuiamuru PAM iendelee kuuliza yote yaliyobaki hadi mwisho, ndipo ikatae. Ni kama askari wa geti aliyekwisha kuona kitambulisho si chako, lakini anaendelea kukuuliza unakokwenda na unayemfuata kwa sauti ileile, halafu anakwambia hapana. Hutajua umekwama wapi.

Windows ina nyumba yake. Akaunti za mashine zimo katika hifadhi iitwayo SAM, ambayo mfumo huikalia muda wote uwakapo. Hapo unaita kazi moja, LogonUser, unaipa jina, nywila, na mahali pa kuulizia. Mahali hapo fundi aliandika nukta. Nukta moja tu, maana yake: uliza humu humu ndani, usitoke. Hata hivyo haisifu nyumba hiyo yote. Nywila zinazotunzwa mle hazitiwi chumvi mpaka leo, kwa hiyo wawili wakichagua neno moja, alama zao zinafanana. "Chakula cha mgonjwa," alisema.

Mac ndiyo iliyomchelewesha. Inalo faili la majina lenye anwani ileile kama ya Linux, ukilifungua humkuti mhasibu. Juu yake limeandikwa wazi kwamba hutumika tu mashine ikiwashwa katika hali ya mtumiaji mmoja. Watu halisi wako kwa Open Directory. Anayenakili alichofanya Linux bila kusoma maelezo hayo atatafuta mtu hadi jioni. Fundi aliyasoma. Kumbe Mac nayo ina PAM, na njia ikafunguka.

Sehemu ninayoipenda ni ile ya watu. Mzee wa stoo alikuja siku moja amekunja uso.

"Mwanangu, hiyo mashine yako yanikataa jina langu mwenyewe."

"Shikamoo, mzee. Jina umeanza na herufi kubwa?"

"Marahaba. Jina la mtu si huanza na herufi kubwa?"

Fundi hakucheka. Mzee alihama juzi kutoka mapokezi, na Windows haijali herufi kubwa au ndogo katika jina, Linux inajali. Mzee alifundishwa sarufi vizuri, mashine haikufundishwa. Dada mmoja wa mapokezi naye nywila yake ilikuwa na neno ng'ombe (asiige mtu). Akiicharaza inakubali, akiinakili kutoka simuni inakataa. Ilichukua nusu saa kuona kwamba simu ilikuwa imekipinda kile kiritifaa, na kwa kompyuta kilichonyooka na kilichopinda ni herufi mbili. Fundi alirekebisha maelezo ya kwenye skrini na kumshauri abadili nywila. Programu hakuigusa: kuinyoosha herufi kimyakimya kungekuwa kuamua siri ya mtu iweje.

Wiki mbili za mwisho alizitumia kwenye kitu kisichoonekana: jibu la kukataa. Jina likiwa halipo, au nywila ikiwa si sahihi, ujumbe ni mmoja na muda wa kungoja ni mmoja. Mwaka 2016 OpenSSH, programu inayolinda seva duniani kote, ilikutwa na dosari hapa. Ukiipa nywila ndefu mno, jina lisilokuwepo lilikataliwa haraka kuliko lililopo, na mwenye saa aliweza kuorodhesha waliomo. Fundi alipima kwa saa, akapima tena, akarekebisha, usiku feni ikiwa imezima kwa kukatika umeme na laptopu ikila betri.

Aliponikabidhi programu niipekue, nilifungua mafaili yote nikitafuta nywila za wafanyakazi. Hamna hata moja.