'Nyeusi na nyeupe' ni jina linaloidhulumu picha ya platini

Tumezoea kuziita picha za kale 'nyeusi na nyeupe', kana kwamba baina ya lami na maziwa hamna kitu. Nina ugomvi na jina hili, hasa wahakiki wanapolibandika kwenye picha zilizosafishwa kwa platini au paladi.

Chukua mathalani 'A Sea of Steps', aliyoipiga Mwingereza Frederick H. Evans mwaka wa 1903 katika kanisa kuu la Wells. Vidato vya mawe vilivyolika kwa nyayo za karne nyingi vinapanda na kupinda kama mawimbi. Mwanafunzi wangu mmoja aliitazama akasema, "Prof, hii si imefifia?" Haijafifia hata! Weusi wake si wa makaa, weupe wake haumetimeti. Nguvu yote imo katika utusitusi ulio kati. Ongeza weusi kidogo tu, yale mabonde ya nyayo yatazama gizani. Itabaki picha ya ngazi, basi.

Utulivu huo una ufundi wake. Kwa mbinu hii, ambayo William Willis aliipatia hataza Uingereza mwaka wa 1873, karatasi hupakwa chumvi za chuma na za platini, negativu ikalazwa juu yake, kisha ikaanikwa kwenye mwanga. Hakuna kukuza: ukubwa wa negativu ndio ukubwa wa picha. Tofauti ya giza na mwanga hupangwa kwanza katika negativu yenyewe. Wanaojipakia karatasi wakiona picha imepooza hutia kloreti ya potasiamu katika mchanganyiko, weupe ukatakata. Wakizidisha, picha hufanya chembechembe kama uji uliokorogwa vibaya. Kwangu mimi, kloreti ni kama chumvi ya mezani. Haimwokoi mpishi aliyeunguza chakula.

Na rangi je? Dawa ya kusafishia ikipashwa moto, picha huelekea hudhurungi. Ikiwa baridi, huegemea kijivu. Paladi ina uvuguvugu wake, na ukiichanganya na platini unapata rangi inayokaribia maji ya kunde. Hapa ndipo wengi wa siku hizi wananikera: kila picha hudhurungi, ati ionekane ya kale! Mawe ya Wells yangepakwa rangi hiyo yangekuwa mkate.

Kiswahili hakijapungukiwa: kijivu, majivu, hudhurungi, maji ya kunde, utusitusi. Mbona mhakiki aridhike na maneno mawili?

Evans mwenyewe hakuridhika na kidogo. Vita Kuu ya Kwanza vilipoiadimisha platini na bei ya karatasi zake ikapaa, alikataa kuhamia karatasi za kawaida za fedha. Aliuacha upigaji picha karibu kabisa.