Fahali wawili, zizi moja: Apple II ilivyogawa kumbukumbu yake

Vitabu vya kompyuta vya sekondari vina mchoro uleule. Kibodi kushoto, prosesa katikati, kumbukumbu chini yake, skrini kulia, na mishale inapita huku na huku. Mwanafunzi anaukariri, anauchora kwenye mtihani, anapata alama zake. Kitu kimoja hakimo kwenye mchoro huo, nacho ni saa. Mishale ile yote hupita kwenye nyaya zilezile, na waya mmoja haubebi habari za wawili kwa mpigo. Basi nani apite, na lini? Mbunifu wa kompyuta hukesha kwa ajili ya swali hilo, na sijaona mashine inayolijibu waziwazi kuliko Apple II ya mwaka 1977.

Steve Wozniak aliibuni akiwa bado ameajiriwa Hewlett-Packard, kwenye vikokotoo. Watu waliiona hadharani San Francisco mwezi Aprili 1977, ikauzwa dola 1,298 ikiwa na kilobaiti 4 za kumbukumbu. Picha moja tu unayotumiwa kwenye simu leo haiingii humo. Prosesa yake, 6502 ya MOS Technology, haikuwa ghali: ilitoka mwaka 1975 kwa dola 25, wakati wenzake waliuzwa kwa mamia. Kilichouma mfuko ni kumbukumbu. Hivyo kuinunulia skrini kumbukumbu yake ya pembeni ilikuwa anasa.

Na skrini ina njaa. Televisheni ya kioo cha zamani haikumbuki chochote. Picha ikishachorwa inafifia, nayo inabidi ichorwe upya takriban mara 60 kwa sekunde. Lazima pawe na saketi inayosoma kumbukumbu bila kupumzika na kupeleka nukta kwenye kioo. Wakati huohuo prosesa nayo inaitaka kumbukumbu hiyohiyo, kwani amri nyingi inazotekeleza zimehifadhiwa humo. Hapo wahenga wangekuambia kwamba fahali wawili hawakai zizi moja.

Wengine walifuata ushauri wa wahenga. Wozniak mwenyewe, katika Apple I ya mwaka 1976, aliitenga kumbukumbu ya skrini, na matokeo yake herufi zilitoka kama 60 tu kwa sekunde. Prosesa ilibaki inasubiri skrini kama abiria kituoni. IBM nao, kwenye kadi yao ya rangi ya mwaka 1981, waliruhusu pande mbili zigongane: ukiwa kwenye maandishi ya safu 80, prosesa ikigusa kumbukumbu ya picha palepale kadi inaposoma, skrini inajaa chenga. Waandishi wa programu walilazimika kuvizia mstari uishe kuchorwa ndipo waandike.

Kwenye Apple II, Wozniak aliitazama 6502 kwa makini na kuona jambo ambalo karatasi za kiwandani zilikuwa zimeliandika wazi kwa kila mtu. Prosesa hiyo hufanya kazi kwa mdundo wa saa, na mdundo mmoja una nusu mbili. Katika nusu ya kwanza inatayarisha anwani; kumbukumbu haiigusi. Inaigusa katika nusu ya pili tu. Mdundo mzima ni kama nanosekunde 978, na chipu za kumbukumbu alizochagua ziliweza kujibu mara mbili ndani ya muda huo. Basi nusu ya kwanza akaipa saketi ya picha, nusu ya pili akaiachia prosesa. Zamu kwa zamu, zaidi ya mara milioni moja kwa sekunde. Hakuna anayesubiri, hakuna anayejua kwamba mwenzake yupo.

Saa yenyewe ilifuata televisheni. Kristali moja ya megahezi 14.318 iliendesha kila kitu: igawe kwa 4 unapata 3.58, ambayo ni ishara ya rangi ya televisheni za Marekani. Igawe kwa 14 unapata 1.023, ambayo ni kasi ya prosesa. Hata hivyo mstari wa picha haukukaa sawasawa na rangi, kwa hiyo katika kila midundo 65 mmoja ulirefushwa kidogo. Prosesa iliupokea mdundo huo mrefu bila malalamiko. (Televisheni zetu za Afrika Mashariki zilifuata mfumo mwingine wa rangi, PAL, kwa hiyo mashine hiyo ya Marekani ingetuonyesha picha isiyo na rangi.)

Sehemu ninayoipenda zaidi ni inayofuata. Chipu za kumbukumbu za aina hii huhifadhi kila biti kama chembe ya chaji kwenye kapasita ndogo mno, na kapasita hizo zinavuja. Zisiposomwa upya ndani ya milisekunde 2, data inapotea. Kompyuta nyingine zilihitaji saketi ya pekee ya kuzizungukia na kuzijaza tena. Wozniak hakuiweka. Saketi ya picha tayari ilikuwa inasoma kumbukumbu mfululizo, na kila kusoma kunajaza upya safu nzima ya kapasita. Alichofanya ni kupanga anwani za picha kwa namna ambayo, katika kuchora mistari michache tu, safu zote za chipu zimeguswa. Hata mwali unaochora picha unaporudi juu ya kioo bila kuchora kitu, usomaji unaendelea. Mashine hii ilikumbuka kwa sababu ilikuwa inaonyesha.

Gharama yake waliilipa waandishi wa programu. Mstari wa kwanza wa maandishi unaanza kwenye anwani 1024 na una herufi 40. Ungetarajia mstari wa pili uanze 1064. La! Kwenye 1064 kuna mstari wa tisa, kwenye 1104 upo wa kumi na saba, halafu zinafuata baiti 8 zisizoonekana popote, na ndipo kwenye 1152 unaukuta mstari wa pili. Vizazi vya wanafunzi vimeulaani mpangilio huu. Mimi namtetea Wozniak: kanuni ya kukokotoa anwani inaandikwa mara moja ndani ya programu, lakini chipu ya ziada inalipiwa katika kila mashine inayouzwa.

Bonyeza sasa herufi A. Kibodi haina mlango wake wa pekee. Imepewa anwani kama kumbukumbu, 49152. Prosesa inaisoma tena na tena, na namba ikifika 128 au zaidi inajua kidole kimegusa. Kwa A inapata 193. Inagusa anwani 49168 kufuta alama hiyo, kisha inaiandika 193 kwenye, tuseme, 1024. Kazi ya prosesa imeishia hapo. Katika zamu yake saketi ya picha inaikuta 193, inaipeleka kwenye chipu ya maumbo ya herufi, na nukta 5 kwa 7 zinatokea kwenye kona ya juu kushoto. Spika nayo ina anwani, 49200. Ukiigusa mara moja unasikia kidoko kimoja. Ukitaka mlio wa hezi 1,000, prosesa inabidi iiguse mara 2,000 kwa sekunde, yaani kila baada ya midundo 511 hivi, na wakati huo haifanyi lingine.

Mtindo huohuo wa kuitwisha prosesa kazi ya vyuma ulifika mbali zaidi kwenye diski, Disk II, ambayo Wozniak aliihangaikia wakati wa Krismasi ya 1977 ili iwahi maonyesho ya Las Vegas Januari 1978. Vidhibiti vya diski vya wakati huo vilijaza bodi nzima kwa chipu. Chake kilikuwa na chipu 8. Mota inayosogeza kichwa cha kusomea iliamriwa na prosesa hatua kwa hatua, sumaku moja baada ya nyingine. Baiti zilipita chini ya kichwa moja kila midundo 32, na diski inayozunguka mara 300 kwa dakika haimsubiri mtu. Programu ya kuandika kwenye diski ilihesabiwa mdundo kwa mdundo: amri hii midundo 2, ile 4, mpaka zitimie 32 kamili. Ikizidi mmoja, sekta imeharibika.

Miaka ikapita, zikaja kadi za kuiongezea Apple II kasi mara tatu na zaidi. Programu za hesabu na michezo zikaruka. Lakini kila mtu alipofungua faili, kadi ilirudi kwenye megahezi moja ya mwaka 1977, ikaisubiri diski imalize, ndipo ikaanza kukimbia tena.