Injini Imechemshia Wapi? Uchunguzi wa Fundi kati ya Sake na Walikale

Sake iko kando ya Ziwa Kivu, ambalo uso wake uko takriban mita 1,460 juu ya bahari. Kutoka hapo barabara ya Masisi huanza kupanda mara moja kuelekea Mushaki, na nyanda za malisho zilizo mbele zinapita mita 2,000. Ukishavuka Masisi na Nyabiondo, njia inateremkia msituni hadi Walikale, chini ya mita 1,000. Land Cruiser au Fuso iliyosheheni watu na magunia hukutana na dunia mbili katika safari hiyo moja. Kwa hiyo fundi makini, kabla ya kushika spana, humuuliza dereva injini imechemshia wapi.

Kama ni mlimani, mkono wake uende kwanza kwenye kifuniko cha rejeta. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi; kwenye mita 2,000 huchemka kwa takriban 93, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Kazi ya kifuniko ni kufidia upungufu huo. Chenye alama ya 0.9 huongeza mgandamizo wa bar 0.9 ndani ya mfumo, na maji yaliyofungiwa hivyo hayachemki mpaka yapite nyuzi 110, hata huko juu. Raba ikipasuka au springi ikilegea, kinga hiyo yote inapotea. Ndiyo maana gari lenye kifuniko kibovu linaweza kuzunguka Goma siku nzima bila tatizo, kisha likaanza kutoa mvuke kabla ya kufika Mushaki, na mwenye gari akauziwa rejeta nzima asiyoihitaji.

Likichemshia Walikale, kwenye tope, shaka ihamie kwenye hewa. Gari lililokwama huzungusha injini kwa nguvu bila kusonga, kwa hiyo hakuna upepo wa mwendo. Feni imebaki peke yake. Tope nalo limeziba nafasi ndogo kati ya mapezi ya rejeta. Rejeta ya namna hiyo ioshwe kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, maana mapezi yakilala hewa haipiti tena. Kisha mkanda ukaguliwe, na feni yenyewe ipimwe injini ikiwa moto lakini imezimwa: ikisukumwa kwa mkono inapaswa kuleta ukinzani. Ikizunguka raundi nyingi kwa wepesi, mafuta ya silikoni ndani ya klachi yake yamekwisha. Klachi hiyo huharibika taratibu, na ni rahisi kuisahau kwa sababu feni bado inaonekana ikizunguka.

Themostati ina mtego wake wa milimani. Mafundi wengi huipima kwa kuitia katika sufuria ya maji jikoni na kutazama kama inafunguka. Njia hiyo ni nzuri. Lakini themostati ya nyuzi 82 huanza kufunguka kwenye joto hilo na kukamilisha kufunguka karibu na nyuzi 95, na sufuria ya Masisi haifiki 95 hata kuni zikiongezwa. Fundi asiyejua hilo ataona valvu imefunguka nusu, atailaumu na kuitupa.

Kuing'oa themostati na kusafiri bila hiyo ni kosa, ingawa wengi wanalifanya. Usiku wa Masisi ni wa baridi, na injini isiyopata joto lake hula dizeli zaidi na kuchakaa haraka. Tena, katika injini nyingi za Toyota themostati pia huziba njia ya mkato ya maji. Ikitolewa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari linazidi kuchemsha.

Maji ya kujazia nayo yachaguliwe. Ya Ziwa Kivu yana chumvi na magadi mengi. Yakitumika mara kwa mara huacha utando ndani ya mirija ya rejeta. Maji ya mvua yaliyochujwa ni bora zaidi, yakichanganywa na kulanti.

Likibaki swali la gasketi ya silinda hedi, kipimo hakihitaji mashine. Injini ikiwa baridi, kifuniko cha rejeta hufunguliwa, kisha injini huwashwa. Mapovu yasiyokoma ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Hapo umbali unauma: hedi lazima ipelekwe kwenye karakana yenye mashine ya kusawazisha uso wake, na eneo zima la Walikale lina kilomita za mraba 23,475, karibu mara tano ya eneo la Masisi.

Hedi nyingi hupasuka kwa bidoni la maji baridi lililomiminwa kwenye injini inayowaka moto. Dereva, mshale ukianza kupanda, punguza gia na uwashe hita ya ndani kwa nguvu zote, maana nayo hutoa joto kwenye maji. Mshale ukiendelea kupanda, simama, zima injini, na usiguse kifuniko mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono. Na kabla ya kuondoka Sake, weka kifuniko cha akiba chenye alama ileile ndani ya gari.