Pwo wa Wachokwe na Macho Yetu Sisi Watazamaji



Mtu aliyekomalia upande wa Dilolo ao Sandoa hana lazima ya kufundishwa Pwo ni nani. Lakini sisi wa Kolwezi, wengi wetu ni watoto wa watu waliokuja kutumika Union Minière, kiisha Gécamines. Kule Kapata ao Musonoi, Muluba alikaa karibu na Mulunda, Musanga karibu na Muchokwe. Mambo ya jirani tuliyaona kwa mbali, siku ya sikukuu, na mara nyingi tuliyacheka bila kuyaelewa. Katika kurasa hizi nataka kuchambua mchezo mmoja tu, ule wa Pwo. Sababu yake ni swali ambalo kijana mmoja aliniuliza, na ambalo siku ile sikuweza kulijibu.

1. Pwo ni nani

Katika Kichokwe, pwo maana yake mwanamke, na mwana pwo ni mwanamke kijana. Ni mukishi, ndiyo kusema kinyago cha roho ya nkambo, na nkambo huyu ni mama, mzazi wa ukoo. Lakini anayemcheza ni mwanaume, mtu aliyepita mukanda, ile shule ya kutahiriwa porini. Anavaa uso wa mti. Mwili anaufunika kwa nguo ya nyuzi iliyofumwa kama wavu, imembana toka shingo mpaka miguu. Anatia maziwa ya kutengenezwa, anafunga kitambaa kiunoni. Juu ya uso ule mchongaji ameweka chale za wanawake: msalaba kwenye paji, na alama chini ya macho zinazofananishwa na machozi.

Wachunguzi wameandika mengi juu ya jambo hili. Mmoja wao ni Marie-Louise Bastin, mama Mbelgiji aliyesoma ufundi wa Wachokwe katika makumbusho ya Dundo, Angola, akatoa kitabu chake mwaka 1961. Tunafundishwa kwamba mchongaji hakubuni uso ule tu kichwani. Alimtazama mwanamke wa kweli, anayesifiwa kwa uzuri na adabu. Na mchezaji, mbele ya kuchukua kinyago, alimpa mchongaji pete ya shaba, sawa vile mtu anavyotoa mahari. Alipokufa, kinyago kilizikwa pamoja naye. Sisi tunaochimba shaba kila siku tusikie vizuri: shaba yetu ilikuwa mahari ya mwanaume kupata sura ya mwanamke.

Wazungu walinunua vinyago vingi vya Pwo. Lakini mara nyingi walichukua uso peke yake, nguo ya wavu ikabaki kijijini. Ndiyo sababu mgeni anayeingia makumbusho ya Ulaya anaona uso mzuri wa mwanamke ukutani, na hawezi kufikiri kwamba ndani yake aliishi mwanaume. Walitenga uso na mtu aliyeubeba.

2. Pwo wawili niliowaona

Wa kwanza nilimwona mwaka 2006, nilipokuwa bado mwalimu mpya katika kijiji kimoja kando ya reli ya Dilolo. Ilikuwa siku watoto walitoka mukanda. Ngoma zilipigwa muda mrefu yeye hajatokea. Alipotokea, hakukimbia. Alipiga hatua ndogo-ndogo, kiuno kikizunguka polepole, shingo imetulia, mkono umeshika usinga. Wamama walifanya duara, wakaimba wakimjibu. Mama mmoja mzee akavua kitambaa chake cha begani, akaenda kumfunga nacho kiunoni. Nikauliza jirani yangu: "Anamupa kitambaa juu ya nini?" Akanijibu: "Juu ametucheza muzuri. Hakututia haya."

Neno lile, "hakututia haya", ndilo kipimo changu mpaka leo.

Wa pili nilimwona hapa Kolwezi, kwenye sikukuu moja ya kupokea wageni. Uso wa mti hakuna. Peruki ya plastiki, rangi nyekundu midomoni, mito miwili imetiwa nyuma. Kila alipogeuka, ngoma ilisimama ili watu wapate kucheka. Mwongozaji wa sikukuu akashika mikro, akauliza: "Huyu ni papa ao ni mama?" Watu wakacheka mpaka machozi. Na mimi nilicheka, sitaficha.

Kwa haki, mchezaji yule wa pili alikuwa na mwili mwepesi kuliko wa kwanza. Tena simlaumu kwa plastiki. Mila inabadilika, na mti mzuri umekuwa haba. Kosa lake liko fasi ingine. Yule wa kijijini alisoma wanawake: namna wanavyobeba kichwa, wanavyokanyaga, wanavyonyamaza. Yule wa mjini alisoma kile ambacho wanaume hucheka kwa wanawake. Wa kwanza alijiuliza "mama yangu alitembea namna gani?" Wa pili alijiuliza "watacheka fasi gani?" Nguo zao zinafanana, lakini kazi zao ni mbili mbalimbali. Na kazi ile ya pili inatuharibu, sababu inafundisha mji mzima kwamba mwanaume akiwa na kitu cha kike, dawa yake ni kicheko.

3. Swali la kijana

Nyuma yangu siku ile alikaa kijana mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani. Anasuka nywele, anavaa shati la maua, anasema kwa sauti ya chini, na mtu asiyemjua hawezi kusema mara moja kama ni msichana ao mvulana. Hivyo ndivyo anavyokwenda kazini, anavyokwenda sokoni, siku zote. Tulipokuwa tunatoka aliniambia:

"Mwalimu, ule wanamupigia makofi. Miye nikipita ku soko na nywele hizi-hizi, wananitupia maganda ya ndizi. Tofauti iko wapi?"

Nilimjibu kama mwalimu anayetaka kumaliza saa: "Ule anacheza, mwanangu."

Akasema: "Na miye sichezi. Njo kosa yangu?"

Nilibaki bila jibu.

4. Nkambo zetu walifanya nini

Jibu la haraka ni kusema: "Nkambo walikubali yote, basi na sisi tukubali." Sitaki kusema hivyo, sababu si kweli kabisa. Pwo anatoka kwa saa yake na anarudi. Siri yake inachungwa na wanaume. Mwanamke haingii mukanda. Mchezaji akivua wavu ule, anarudi kuwa baba wa nyumba yake. Kinyago si ruhusa iliyoandikwa kwa mtu wa siku zote.

Lakini jibu lingine la haraka, "mambo hayo yametoka kwa Wazungu, kwetu hayakuwako", nalo ni uongo. Tuwatazame Waluba, jirani zetu wa kaskazini. Viti vya wafalme wao na fimbo zao za utawala vimechongwa sura za wanawake, hata kama mfalme ni mwanaume. Na mfalme akifa, roho yake ilikaa ndani ya mwanamke anayeitwa Mwadi, ambaye aliishi mahali pa mfalme na kuendeleza jina lake. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts walilieleza vizuri katika kitabu chao cha mwaka 1996 juu ya Waluba na kumbukumbu. Twende kwa Walunda: masimulizi yanasema kwamba Nkonde, alipochukizwa na watoto wake wanaume, alimpa binti yake Ruweji ile lukano, bangili ya utawala, mbele Chibinda Ilunga hajafika. Na kule Musumba, karibu na Mwant Yav, kuna Rukonkesh, mwanamke mwenye cheo kikubwa.

Kwa hiyo nkambo hawakuogopa kwamba mfalme atapunguka akibebwa na sura ya mwanamke. Walijua kwamba uanaume na uanamke ni vitu vinavyosomwa, vinavyobebwa, hata kuazimwa, mradi viazimwe kwa heshima. Hilo tu ndilo ninalolichukua kwao. Halijibu swali la kijana, lakini linatunyima nafasi ya kumwambia kwamba yeye si mtu wa kwetu.

5. Patalo la mama zetu

Tukumbuke pia kwamba kile tunachoita "mavazi ya desturi" mara nyingi kilipangwa ofisini. Wakati wa Mobutu, katika miaka ya 1970, siasa ya "authenticité" iliwavisha wanaume abakosti na kuwakataza tai. Wanawake walitakiwa wavae kikwembe, wakakatazwa patalo, peruki na sketi fupi. Tai ilirudi baada ya hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990. Mwaka 1997 askari wa AFDL walipoingia Kinshasa, wanawake wenye kuvaa patalo walisumbuliwa tena barabarani. Kila utawala uliotaka kuonyesha nguvu ulianza na nguo za mwanamke.

Na leo? Asubuhi na mapema, kwenye barabara zetu, wanawake wanapanda basi za migodi na salopeti, bote na kofia ya chuma, sawasawa na wanaume. Hakuna anayeuliza "ni papa ao ni mama?", maana mwisho wa mwezi kuna mshahara. Upande wa wanaume, vijana wa Sape, ambao Papa Wemba (1949–2016) aliwapa sauti, walionyesha kwamba mwanaume anaweza kujali kitambaa, rangi na harufu nzuri bila kupunguka. Na wako wanawake wa Sape, Kinshasa na Brazzaville, wanaovaa kositimu na tai, kiko mkononi. Mpiga picha Tariq Zaidi aliwaweka katika kitabu chake cha mwaka 2020.

Niseme na langu. Mume wangu alipokufa nilinyoa nywele, kama desturi inavyotaka. Matanga yalipokwisha, nikaona kichwa kifupi kinanipendeza, sikuzirudisha. Kiisha nikaanza kuvaa patalo na koti lake, sababu ya pikipiki na vumbi la barabara. Wifi yangu aliniuliza: "Unataka kugeuka kaka yetu mwenye alikufa?" Walimu wenzangu waliniita "Papa" mbele ya watoto. Uchungu ulikuwa mwingi.

Nguvu ya kuendelea sikuipata siku moja. Nilianza kisimani asubuhi, fasi yenye watu wachache. Kiisha sokoni Jumamosi. Kiisha darasani. Mwalimu mmoja, mama mwenzangu, alitembea nami kila siku mpaka mlangoni, na hakusema neno lolote juu ya nguo. Ni yeye aliyenipa moyo, kuliko mashauri yote. Tena siku zingine nilivaa kikwembe, sababu nilichoka kusemwa. Hilo si woga. Mtu ana haki ya kuchagua siku yake na njia yake, zaidi sana yule anayeweza kutupiwa jiwe.

6. Jibu langu

Sasa narudi kwa Pwo wa kijijini. Nilidhani nguvu yake inatoka kwenye kinyago, maana uso umefichwa. Sivyo. Kila mtu pale alijua kwamba ndani ni mwanaume. Nguvu yake ilitoka kwenye duara. Wamama walimjibu kwa wimbo, wakampima, wakamfunga kitambaa. Mwili ule ule, bila duara lile, ungetupiwa maganda.

Basi, kijana wangu, nakujibu kwa kuchelewa: tofauti kati yako na mchezaji haiko kwenye nywele, wala kwenye kucheza. Yeye alizungukwa na watu wanaoimba, wewe unapita peke yako. Kosa si lako. Ni letu sisi tunaosimama kandokando.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa wenye kupanga sikukuu zetu. Kwanza, Pwo akiletwa, aletwe na wamama wa kumjibu, na watoto waelezwe mbele yeye ni nani. Pili, lile swali la mikro, "ni papa ao ni mama?", liishe. Kwenye jukwaa ni mchezo. Sokoni linageuka jiwe.

Juzi nilimkuta kijana yule sokoni, nikatembea naye mpaka mwisho wa meza za ndizi. Mama mmoja muuzaji akaniuliza: "Mwalimu, na huyu?" Nikajibu: "Ni mwanafunzi wangu." Akamtazama kidogo nywele, akauliza nani aliyezisuka. Kiisha akatupimia ndizi, kila mtu fungu lake.