Wimbo Uliobeba Mchezo: Byron Kawadwa na Jukwaa la Kampala

Tuandaapo michezo shuleni, mara nyingi wimbo huwekwa kati ya onyesho na onyesho ili watazamaji wapumzike. Marehemu Byron Kawadwa wa Kampala aliupa wimbo kazi kubwa zaidi. Ijapokuwa aliandika kwa Kiluganda, yatufaa sisi walimu wa Kiswahili kuitazama kazi yake.

Kawadwa aliongoza kikundi cha Kampala City Players. Mchezo wake mashuhuri ni Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Wankoko, wa mwaka 1971. Muziki wake ulitungwa na Wassanyi Serukenya. Jina lenyewe lafuata hadithi za wanyama: Waganda humwita sungura Wakayima na chui Wango, basi Wankoko twaweza kumwita Bwana Jogoo. Chini ya jina hilo la kuchekesha pana kisa cha kunyang'anyana ufalme, na wengi wamekiona kuwa ni fumbo la mwaka 1966, Kabaka alipofukuzwa Mengo.

Sikio la Kampala lilikuwa limekwisha andaliwa. Joseph Kyagambiddwa, aliyesomea muziki wa kanisa Roma, alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda iliyoimbwa huko mwaka 1964. Alionyesha kwamba mafunzo ya Ulaya hayamlazimishi mtunzi kuiacha lugha yake. Kiluganda hubeba maana katika kupanda na kushuka kwa sauti, nao muziki hauna budi kuliheshimu jambo hilo.

Katika Wankoko mwigizaji asiyeweza kuimba hana nafasi, na mwimbaji asiyeigiza hatoshi, kwa kuwa kisa chenyewe husonga mbele kwa nyimbo. Hiyo ndiyo nguvu ya mchezo huu. Udhaifu wake watoka papo hapo: asomaye maneno matupu kitabuni hupata nusu tu, na tafsiri hupoteza zaidi.

Fumbo halikumwokoa mtunzi. Mwanzoni mwa mwaka 1977 mchezo huu uliiwakilisha Uganda katika tamasha la FESTAC, Lagos. Muda mfupi baada ya kurudi, Kawadwa, aliyekuwa mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Michezo, alikamatwa na watu wa serikali ya Idi Amin, akauawa.

Sisi tujifunze nini? Kiswahili hakina toni, lakini kina mkazo. Neno barabara, mkazo ukiwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, ni njia. Ukirudi nyuma silabi moja, maana yake ni sawasawa. Hata hivyo twasikia kwaya zetu zikiukandamiza mkazo ili maneno yalingane na tuni ya kuazima, na msikilizaji akabaki akikisia. Kabla ya kuwafundisha wanafunzi wimbo wa mchezo, na tuwaagize wayasome maneno yake kwa sauti. Kisha tujiulize kama wimbo huo ukiondolewa, kisa kitapungukiwa. Kisipopungukiwa, tuuache.