Chipukizi kwa Mkopo: Mkopo Mzuri Unajulikanaje?

Ukitaka kujua kama mtu anaucheza mchezo wa kompyuta wa Football Manager kwa akili, usimwombe akuonyeshe kikosi chake cha kwanza. Mwombe afungue ukurasa wa wachezaji walio nje kwa mkopo. Kikosi cha kwanza hununuliwa, na pesa katika mchezo huu hazikosekani ukishashinda kombe moja au mawili. Ukurasa wa mikopo hausemi uongo. Mara nyingi utakuta vijana kumi na wawili wametawanywa Ulaya nzima, tisa kati yao hawajaanza mechi tangu Agosti, na mwenyewe ndiyo kwanza anashtuka.

Hapa Garsen, Tana Delta, mchezo huu una watu wake, ingawa si wengi kama wale wa michezo ya simu. Toleo la mwaka 2025 lilifutwa Februari mwaka huohuo kabla halijaingia sokoni, la 26 likatoka Novemba, lakini mtu mwenye laptopu ya mtumba katika joto letu hili hakimbilii toleo jipya. Anacheza la nyuma, feni imeelekezwa kwenye kibodi. Si hoja. Mambo ya mkopo ni yaleyale kwa miaka, na anayeyaelewa kwenye toleo la zamani atayaelewa kwenye jipya.

Wengi huharibu mapema kwa kuanza na jina la klabu. Kijana ana miaka kumi na tisa, nyota zake za uwezo wa baadaye zinang'aa, zinakuja ofa tano, na meneja anachagua klabu yenye jina kubwa kuliko zote. Mjuzi huanza na pengo. Tuseme kijana ni beki wa kulia. Fungua kikosi cha klabu inayomtaka, kipange kwa nafasi, kisha hesabu mabeki wa kulia. Ukikuta mmoja wa miaka ishirini na sita mwenye mkataba wa miaka minne, na nyuma yake nahodha wa timu ya vijana, hapo hakuna kazi, hata wakikuandikia kwamba atakuwa mwanzaji wa kawaida. Ukikuta mmoja wa miaka thelathini na mbili anayeumia paja kila mwezi, na wa pili ni beki wa kati anayesukumwa pembeni kwa shida, basi hapo kijana wako anasubiriwa. Halafu tazama mfumo wa kocha. Timu inayocheza na mabeki watatu wa kati haihitaji beki wa kulia. Inahitaji mtu wa kupanda na kushuka pembeni dakika tisini, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Soka ya vijijini huku Tana Delta inalijua jambo hili kuliko wacheza kompyuta wengi. Mashindano ya likizo yakikaribia, timu ya kijiji haiendi kwa jirani kuomba straika. Mastraika kila kijiji kinao sita, na wote wanataka kuvaa namba tisa. Kinachoombwa ni kipa, au beki wa kushoto anayetumia mguu wa kushoto kweli. Kipa aliyeazimwa hivyo akifika hakai benchi, kwa sababu ameitwa kwa kuwa hapakuwa na mtu. Anadaka mechi zote, juu ya udongo wa mfinyanzi uliopasuka kiangazi, ambako mpira ukidunda kwenye ufa hubadili njia, na ukitoka nje ya uwanja kuelekea vichaka vya mathenge huombewa urudi bila mwiba. Kipa aliyemaliza mashindano kwenye uwanja wa namna hiyo amejifunza kusubiri mdundo wa pili kabla ya kuruka. Na mambo ya ruhusa humalizwa mapema, viongozi wa pande zote mbili wakikubaliana, la sivyo siku ya nusu fainali utasikia kelele za mamluki na mechi haitaisha.

Mfugaji wa deltani akimkabidhi jamaa yake ndama amtunze wakati wa kiangazi, huuliza maji yako wapi na nani atakayechunga. Mwenye macho ya mikopo huuliza maswali hayohayo mawili, yaani dakika ziko wapi na kocha ni nani. Ada ya mkopo ni swali la baadaye.

Juu ya kocha sina budi kukaa kidogo. Katika mpira wa kweli, ahadi ya kumchezesha kijana hutolewa na mtu, na mtu huyo akifukuzwa Oktoba, ahadi inaondoka naye. Klabu inayoshika mkia inashawishi sana kwa sababu ina mapengo kila mahali, lakini ndiyo klabu inayobadili makocha. Kocha mpya wa kuokoa jahazi huwapanga wazee. Kwa hiyo mkopo ninaoupenda mimi ni wa klabu ya katikati ya msimamo, yenye kocha aliyekaa misimu miwili au zaidi na historia ya kuchezesha vijana. Klabu za namna hii hazina mvuto, mashabiki hawaziimbi, na ndiyo maana ofa zao hupuuzwa.

Kiwango cha ligi ndicho kinachobishaniwa zaidi vibandani, na wengi wanaegemea kwenye sifa ya ligi. Mimi naegemea kwenye uzito wa kazi atakayopewa. David Beckham alipelekwa Preston North End mwaka 1995, wakati klabu hiyo ikiwa daraja la nne la Uingereza. Alicheza mechi 5 tu na kufunga mabao 2, moja likiwa la kona iliyoingia moja kwa moja. Bao hilo lilitokana na uamuzi wa kocha Gary Peters wa kumkabidhi kona na frikiki tangu siku ya kwanza. Mtoto wa Manchester United akaingia katika timu ya watu wazima, na mipira iliyokufa ikawa yake. Hiyo ni alama ya mkopo bora, na hata kwenye mchezo unaweza kuikagua: angalia takwimu za mechi uone kama kijana wako anapiga kona, anapiga penalti, au amepewa kitambaa hata mara moja.

Harry Kane anatajwa mno kama ushahidi kwamba mkopo unatengeneza wachezaji, bila watu kuangalia mikopo yake mmojammoja. Alitolewa mara nne. Leyton Orient mwaka 2011 ulikuwa mwanzo wa kawaida. Millwall mwaka 2012 ulikuwa mkopo bora kabisa, kwani timu ilikuwa inapigania kutoshuka, akapangwa, akafunga mabao 9 katika mashindano yote. Norwich aliumia mguu na msimu ukapotea. Leicester mwaka 2013 alikaa sana benchi, wakati mwingine pamoja na Jamie Vardy. Ukiipima mikopo hiyo kwa jina la klabu, Norwich iliyokuwa Ligi Kuu ingeshika nafasi ya kwanza. Ukiipima kwa kazi aliyopewa, inashika mkia.

Kwetu Kenya, Michael Olunga anafaa kutazamwa, ingawa hakuwa mtoto tena. Guizhou Zhicheng ya Uchina ilimtoa kwa mkopo kwenda Girona ya Hispania msimu wa 2017/18. Januari 2018 aliifunga Las Palmas mabao 3 katika ushindi wa 6-0, hat-triki ya kwanza ya Girona katika La Liga, na Kenya nzima ikamshangilia. Lakini msimu ule kwa jumla alikuwa mtu wa kutokea benchi. Baadaye alijiunga na Kashiwa Reysol ya Japani, timu ikashuka, na mwaka 2019 akacheza daraja la pili kila wiki kama straika wa kutegemewa: mabao 27, yakiwemo 8 katika mechi moja ya 13-1 dhidi ya Kyoto Sanga. Timu ikapanda, na mwaka 2020 akafunga 28 katika ligi ya juu na kutajwa mchezaji bora wa mwaka. Yule aliyekuwa anapewa dakika za mwishomwisho Hispania alihitaji daraja la pili la Japani ili aonekane kamili.

Umri nao una hesabu yake. Wa miaka kumi na sita au kumi na saba mwache nyumbani, hasa kama viwanja vyako vya mazoezi na makocha wako wa vijana ni bora kuliko vya huyo anayemtaka. Umri huo hujengwa na mazoezi zaidi ya mechi. Tena ndio umri wa kumweka katika kundi moja na wakongwe wenye nidhamu, tabia zao zimwingie, jambo ambalo akiwa mbali halitendeki kwa mkono wako. Kuanzia kumi na nane mizani hugeuka, na msimu mmoja wa kucheza unazidi misimu miwili ya kukimbia kwenye koni. Makipa wacheleweshe. Mabeki wa kati pia, kidogo.

Klabu inayocheza mashindano ya Ulaya iangalie kitu kimoja zaidi kabla ya kutoa saini. UEFA inataka orodha iwe na wachezaji waliolelewa klabuni, maana yake waliosajiliwa hapo kwa misimu mitatu au miezi 36 kati ya umri wa miaka 15 na 21. Kijana akiwa kwa mkopo, usajili wake uko kwingine, na saa hiyo imesimama. Nimeona mtu akimtoa kiungo wake bora wa akademi kila mwaka tangu akiwa na kumi na saba, halafu anakuja kulalamika kwamba orodha ya Ulaya haimtambui.

Masharti ya mkataba sitayachambua yote, kwa sababu mengi ni ya wazi. Lililo muhimu ni mshahara. Klabu isiyolipa hata senti ya mshahara wa kijana haina hasara ikimweka benchi. Waambie walipe sehemu, hata asilimia thelathini, na panapowezekana sehemu hiyo ipande asipochezeshwa. Atakayekataa sharti hilo amekuambia mpango wake. Kipengele cha kumrudisha Januari kiwepo daima. Kipengele cha kumnunua moja kwa moja kisiwepo, labda kama umeshaamua kumwuza na unatafuta tu dirisha la kumwonyesha.

Ama utitiri wa mikopo, FIFA imeushughulikia. Tangu Julai 2022 ilianza kupunguza idadi ya mikopo ya kimataifa, kutoka 8 hadi 7 na hatimaye 6 kuanzia msimu wa 2024/25, na klabu moja hairuhusiwi kuwa na wachezaji zaidi ya 3 kwa mkopo katika klabu moja nyingine. Vijana wa hadi miaka 21 waliolelewa klabuni hawahesabiwi. Kwa meneja wa kompyuta maana yake ni kwamba anayejaza nafasi hizo kwa wachezaji wa miaka ishirini na nne aliowanunua kwa tamaa ameziharibu.

Wanaopenda Afrika wajue mipaka ya mchezo wenyewe. Ligi ya Afrika Kusini ndiyo pekee ya bara hili inayokuja ikiwa tayari kuchezwa. Gor Mahia na AFC Leopards za Kenya huwezi kuziongoza mpaka utie faili za ligi zilizotengenezwa na mashabiki. Ukizitia, mkopo wa chipukizi ndani ya Kenya, tuseme kutoka Ligi Kuu kwenda daraja la chini yake, ni mtamu kuupanga, lakini namba za wachezaji hao amezikadiria shabiki fulani, kwa hiyo usizifanye msahafu.

Sasa msimu umekwisha na kijana amerudi. Hapa ndipo ujuzi unapoonekana, na hapa ndipo watu wanapotazama mabao tu. Anza na mechi alizoanza. Ishirini na tano za ligi ni msimu mzima wa kazi, kumi na mbili ni nusu mkopo. Fuata na nafasi aliyochezeshwa, kwa sababu kiungo mkabaji aliyepangwa beki wa kulia msimu mzima amerudi na dakika nyingi zisizo zake. Kisha wastani wa alama, ukiusoma pamoja na timu. Wastani wa 6.8 wa beki katika timu iliyoponea chupuchupu kushuka una uzito kuliko 7.2 ya winga wa timu iliyobeba kombe, ambako kila mtu alipendeza. Mwisho kabisa, fungua chati ya maendeleo uone ni namba gani zilizopanda. Kasi na nguvu zingepanda hata akibaki nyumbani, ni umri. Tafuta maamuzi, kujipanga, na utulivu mbele ya goli. Zikiwa zimesogea hata pointi moja moja, msimu haukupotea bure. Nyota usizitazame kabisa, kwa sababu zinampima dhidi ya kikosi chako cha sasa, na kama umenunua mtu mkubwa katika nafasi yake nyota zake hushuka ilhali yeye amekua.

Klabu ileile ikimwomba tena, usiitikie kwa mazoea. Tazama kwanza kama kocha ni yuleyule, kisha rudi kwenye orodha yao ya mabeki wa kulia uihesabu upya. Huenda wameshanunua.