Mwashi wa Nyumba ya Mawe

Ukitaka kukarabati nyumba ya Mji Mkongwe, Unguja, usianze kwa kuulizia bei. Mwite fundi nyumbani, mfungulie mlango, kisha nyamaza umtazame anaangalia nini. Fundi aliyezoea saruji ataelekea moja kwa moja kwenye lipu iliyobanduka, ataigonga kwa mwiko na kukutajia idadi ya mifuko. Mwashi wa chokaa atainua macho juu. Anatafuta maji yanatoka wapi. “Bibi, huku juu pana choo? Mfereji wa paa unamwaga upande gani? Jirani kajenga nini nyuma ya ukuta huu?” Ukimpata anayeuliza hivyo kabla hajataja fedha, mkaribishe akae barazani, maana mazungumzo yenu yameanza vizuri.

Mji huu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na nyumba zake zina tabia yake. Ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Kuta ni nene, nusu mita na zaidi, na chini hazina kitu cha kuzuia unyevu. Maji ya ardhini hupanda ndani ya jiwe yakibeba chumvi, hutokea nje kupitia lipu, na ukuta ukapumua. Chokaa huyaachia njia. Saruji huyafungia. Ukuta ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache lipu hufura na kuanguka pamoja na uso wa jiwe lenyewe. Nimeona kuta zilizokarabatiwa hivyo mara mbili, na kuziokoa ni kazi kubwa kuliko kuuokoa ukuta ulioachwa wazi bila lipu yoyote.

Kwa hiyo swali la pili ni la chokaa: ataipata wapi, na atailoweka lini? Hilo la lini ndilo lenye uzito. Jiwe likichomwa tanuuni kwa joto la nyuzi 900 hivi hutoa hewa ya ukaa. Likimwagiwa maji huchemka, likavunjika na kuwa uji mzito. Uji huo unatakiwa ukae chini ya maji kwa majuma kadhaa, na ukikaa miezi ndiyo bora, mpaka kila punje iive. Punje isiyoiva huja kuvimba ikiwa tayari imo ukutani, na lipu uliyoifurahia huanza kutoboka vitundu. Mwashi anayeijua kazi atakuambia chokaa ilowekwe leo ingawa yeye ataanza baada ya miezi miwili. Anayeahidi kuleta mifuko Jumatatu na kupiga lipu Jumanne, mwache.

Omba uuone huo uji. Chukua kidogo, usugue kati ya vidole: uwe laini kama samli iliyoganda, unate, usiwe na chembe. Halafu omba akupeleke kwenye kazi yake ya zamani, wala si ile ya mwezi uliopita, kwa sababu lipu mpya zote hupendeza. Tafuta iliyokwisha kupitiwa na masika mawili au matatu. Igonge kwa kifundo cha kidole kuanzia chini kupanda juu. Ikitoa sauti ya uwazi, imeachana na ukuta. Tazama pembe, na pale fremu ya dirisha inapokutana na lipu, maana huko ndiko fundi mvivu hujificha. Uso wa lipu usikusumbue ukiona unapanda na kushuka kidogo. Lipu nzuri ya chokaa hufuata ukuta ulivyo. Anayetaka kuunyoosha ukuta wa kale kwa pima maji atalazimika kujaza lipu nene, na lipu nene hupasuka.

Kisha kuna dari, na hapo ndipo ninapompenda fundi au kumkataa. Dari za nyumba hizi hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima vyumba: mita mbili na nusu, tatu ikizidi sana. Juu yake pana mawe madogo na sakafu ya chokaa iliyopigiliwa. Boriti haiozi katikati, pale macho yanapofika. Huoza kichwani, ilikoingia kwenye ukuta wenye unyevu. Mtazame fundi akipanda ngazi. Anayejua huenda hadi ukutani, akatoa bisibisi na kuichoma boriti pale inapozama kwenye mawe. Ikigoma, nzima, ikizama, imekwisha. Atazipitia moja moja na kutia alama ya chaki, kisha atakuambia ngapi za kubadilisha na ngapi ziachwe, na kabla ya kugusa hata moja ataweka viguzo chini yake. Akitokea anayependekeza dari nzima ibomolewe mmwage zege, mwagane hapo hapo. Kuta hizi hazikujengwa kubeba uzito huo, na nondo kwenye upepo wa chumvi hushika kutu, hasa zege likichanganywa na mchanga wa pwani usiooshwa.

Hata hivyo si kila kazi ni ya mwashi. Ukuta ukiwa umelala, au ufa umepita ghorofa mbili na kidole kinaingia, hapo unahitaji mkandarasi aliyesajiliwa, mwenye mhandisi na michoro. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka jumba likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafariki. Kibali cha Mamlaka ya Kuhifadhi na Kuendeleza Mji Mkongwe kiwe mkononi kabla ya nyundo ya kwanza. Fundi wa bomba na wa umeme watafute mbali mbali, lakini wafanye kazi mwashi akiwapo, na bomba la maji lipite nje ya ukuta mahali linapoonekana.

Msimu mzuri ni kipupwe, masika yakiisha. Jua la kaskazi huikausha chokaa upesi mno. Hata kwenye kipupwe mwashi makini hutundika magunia mabichi na kunyunyizia maji asubuhi na jioni. Hupiga safu nyembamba, isiyozidi sentimita moja na nusu, na kila safu huisubiri iliyotangulia ishike.

Kuhusu malipo, nunua vifaa mwenyewe, na ufundi ulipe kwa hatua: kuondoa lipu mbovu, kujaza mapengo ya mawe, safu ya kwanza, safu ya mwisho. Ukimlipa kwa siku utamfanya achelewe, na ukimlipa kwa jumla utamfanya akimbie, na chokaa haivumilii mojawapo. Zuia sehemu moja ya kumi hadi masika ya kwanza yapite, na muandikiane kwamba atarudi kutazama mvua imefanya nini. Mwashi wa kweli hukubali sharti hilo bila kubishana, na wengine hulitaja wao kwanza.